Tatizo Lina Mwenyewe

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni, mahali ambapo mto huporomoka juu ya miamba karibu na barabara. Wakati wa masika, baada ya mvua kubwa ya usiku, maji ya maporomoko hayo huwa mazito na mekundu. Kinachoyapa rangi ni udongo: udongo wa mashamba ya mahindi, maharage na viazi yaliyo juu huko kwenye miteremko ya Usambara, ambao jana ulikuwa mali ya mkulima na leo uko safarini kwenda tambarare.

Je, hapo pana tatizo? Wengi watajibu haraka kwamba lipo, na kwamba jina lake ni mmomonyoko wa udongo. Lakini jibu hilo limetangulia swali. Mto wenyewe hauna tatizo lolote. Unafanya kile ambacho mito ya milimani imefanya tangu milima hiyo ilipoinuka, na sehemu ya udongo wa bondeni ililetwa kwa njia hiyo hiyo. Mkulima wa mpunga kule Mombo huutaka udongo mwororo uletwao na maji, ila hataki mchanga uzibe mifereji yake. Mkulima wa juu anataka udongo ubaki. Mhandisi wa barabara anataka tu kalvati lisizibe. Maji ni yale yale, na matatizo ni matatu. Huenda yakawa manne au matano kama angehesabiwa pia mwanafunzi anayetumwa kuteka maji ya kunywa asubuhi ile.

Karl Duncker, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyechapisha utafiti wake juu ya kufikiri mwaka 1935, alieleza kwamba tatizo hutokea pale kiumbe anapokuwa na lengo bila kujua njia ya kulifikia. Yafaa kuzingatia kwamba katika maelezo hayo yamo mambo matatu: hali iliyopo, hali inayotakiwa, na kukosekana kwa njia iliyo wazi baina yake. Likiondolewa moja, tatizo nalo limeondoka. Asiyetaka chochote hana tatizo, na anayeijua njia hana tatizo bali ana kazi.

Kiswahili chenyewe kimelihifadhi wazo hilo katika mzizi mmoja. Uzi uliojisokota hovyo umetatana, anayeusokota anautatiza, anayeufungua anautatua. Tatizo ni fundo la uzi, na utatuzi ni kulifungua fundo hilo bila kuukata uzi. Mshonaji yeyote anajua kwamba kuvuta kwa nguvu, kabla ya kutazama uzi unapita wapi, hukaza fundo.

Hapa walimu wa hisabati wana neno la kusema. Maswali yanayowekwa mwishoni mwa sura ya kitabu huitwa matatizo, ilhali mengi ni mazoezi: njia imekwisha kufundishwa katika kurasa zilizotangulia, na mwanafunzi anatakiwa kuikanyaga tena mpaka aizoee. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Ubaya ni mwanafunzi kumaliza kidato cha nne akiamini kwamba kila tatizo duniani huja limekwisha kuandikwa ubaoni, likiwa na tarakimu zote zinazohitajiwa wala hakuna ya ziada. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, alitoa mwaka 1945 kitabu kidogo juu ya namna ya kutatua matatizo ya hisabati, nacho kinasomwa hadi leo. Aligawa kazi hiyo katika hatua nne: kulielewa tatizo, kutunga mpango, kuutekeleza mpango, kisha kurudi nyuma na kulikagua jibu. Katika hatua ya kwanza mwanafunzi hujiuliza kinachotafutwa ni kipi, kilichotolewa ni kipi, na masharti yaliyowekwa ni yapi.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho kutoka, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza mpango mkubwa katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa mji wa Lushoto. Mpango huo, uliopanuliwa katika miaka ya 1950 ukajulikana kama Mpango wa Usambara, ni mfano mzuri wa watu wenye elimu waliotekeleza vyema hatua ya pili na ya tatu huku ya kwanza ikiwa imewaponyoka.

Maofisa wa kilimo waliona miteremko mikali iliyolimwa mpaka juu, mvua nyingi, watu na mifugo walioongezeka, na mito iliyobeba udongo. Hawakukosea katika waliyoyaona, na sayansi yake ni rahisi kuieleza. Tone la mvua likigonga udongo usiofunikwa huvunja chembe zake na kuzitawanya. Chembe hizo huziba vijitundu vya juu, maji hushindwa kupenya, yanaanza kutiririka, na kadiri mteremko unavyokuwa mrefu na mkali ndivyo yanavyozidi kasi. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Ndiyo maana mtiririko ambao juu ya shamba hausogezi hata jani, chini ya shamba hilo hilo huchimba korongo.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta. Mkulima alitakiwa kujenga matuta yanayofuata mistari ya kontua, kisha kuyaunganisha kwa vituta vidogo vya kukatiza, hata shamba likawa kama sanduku lenye vyumba vingi vya kuzuia maji. Palipozidi nyuzi 25 mazao ya msimu yalikatazwa. Nyuzi 25 si mteremko wa kutisha kwa mtu wa Lushoto. Ni kupanda takriban sentimita 47 kwa kila mita 1 ya kwenda mbele, na yako mashamba mengi ya hapo yaliyo makali kuliko hivyo. Sheria ndogo zilitungwa kwa jina la utawala wa wenyeji, machifu wa Kilindi wakapewa kazi ya kuzisimamia, na asiyejenga matuta alipelekwa barazani kutozwa faini.

Ichukuliwe hektari moja ya mraba, mita 100 kwa mita 100, na matuta yanayoachana kwa mita 2. Hayo ni matuta 50, kila moja likiwa na urefu wa mita 100, yaani kilometa 5 za tuta, bila kuhesabu vituta vya kukatiza. Kazi hiyo hufanywa kwa jembe la mkono, kwenye ardhi iliyoinama, nayo hurudiwa kila matuta yanapobomoka. Nani alikuwa akilishika jembe? Kwa sehemu kubwa wanawake, hasa pale ambapo wanaume walikuwa wametoka kutafuta mshahara. Mpango uliandikwa kana kwamba nguvu kazi ni kitu kisicho na mwisho. Katika lugha ya Pólya, sharti kubwa kuliko yote halikuandikwa ubaoni.

Tena matuta hayo hayakuwa salama kila mahali. Vyumba vya kuzuia maji hufaa sana penye mvua haba na mteremko wa wastani. Penye mteremko mkali na mvua kubwa, chumba kimoja kikijaa na kubomoka, maji yake humwagikia cha chini yake, nacho humwagikia kinachofuata, na shamba zima huweza kuporomoka kwa saa moja. Aidha, kujenga tuta penye udongo mwembamba hufunua udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima aliyeona mahindi yake yamekuwa ya manjano juu ya tuta jipya hakuhitaji maabara ili kutilia shaka maneno ya bwana shamba.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa katika lugha. Mwanahistoria Steven Feierman wa Marekani, aliyefanya utafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960 na kutoa mwaka 1990 kitabu juu ya fikra za wakulima wa huko, ameeleza kwamba Washambaa walizungumza juu ya hali ya nchi kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Nchi iliyoponywa ni ile inayopata mvua kwa wakati wake, yenye chakula, na yenye mamlaka tulivu. Nchi iliyodhurika ni ile yenye ukame, njaa, na wenye nguvu wanaoshindana. Katika mawazo hayo, swali la mvua na swali la utawala halitengani. Basi ofisa alipofika akasema kwamba udongo unaharibika na mkulima ndiye mharibifu, mkulima naye alikuwa na hoja yake tayari: kweli nchi inadhurika, na wanaoidhuru ni hao wanaomtoza mama faini kwa kutolima kama walivyoamuru.

Kila upande ulisema kwamba nchi inaharibika, na pande hizo mbili hazikuzungumza juu ya tatizo moja. Upinzani ulienea kutoka Mlalo hadi Vugha, ukaingia katika harakati za siasa za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango wa matuta ukaachwa. Serikali ilishindwa, na udongo nao ulishindwa, kwa maana uliendelea kuteremka. Baada ya hapo kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kutamka neno matuta mbele ya mkutano wa kijiji.

Mambo hayo hayakuwa ya Lushoto peke yake. Huko Machakos, Kenya, amri za kupunguza ng'ombe kwa ajili ya kuhifadhi ardhi ziliwafanya Wakamba waandamane hadi Nairobi mwaka 1938. Hata hivyo Wakamba hao hao, walipopata soko la mazao na nafasi ya kuchagua, walijenga makinga maji kwenye miteremko yao kwa wingi mno, na hawakuchagua aina waliyolazimishwa. Waliyoyapenda ni yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yanayoitwa fanya juu hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wilaya hiyo, ambayo katika miaka ya 1930 ilidhaniwa imekufa, ilikuwa imeongeza watu zaidi ya mara tano na wakati huo huo imepunguza mmomonyoko.

Mwaka 1973 wanazuoni wawili wa mipango katika Chuo Kikuu cha California, Horst Rittel na Melvin Webber, walitenganisha aina mbili za matatizo. Yako yaliyofugika, kama mlinganyo wa hisabati au mchezo wa sataranji, ambayo mwisho wake unajulikana: mtu akifika atajua amefika. Na yako matatizo korofi, ambayo kila mhusika huyaeleza kwa namna yake, na kila maelezo yamekwisha kubeba ndani yake dawa inayotakiwa. Anayesema tatizo ni udongo atajenga matuta. Anayesema tatizo ni wingi wa watu atataka kuwahamisha. Anayesema tatizo ni umaskini atatafuta soko. Kuchagua maelezo ni kuchagua dawa, ingawa mchaguaji mara nyingi hajui kwamba amekwisha kuchagua.

Pengine itadhaniwa kwamba ukorofi huo uko katika mambo ya jamii tu, na kwamba sayansi halisi imesalimika. Milima hiyo hiyo inao mfano wa kujibu. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka wilayani Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 ukawa unarudi na kuwapata maelfu ya watu. Bakteria wake amejulikana tangu mwaka 1894, dawa zake zipo, na kila kitabu kinasema kwamba huenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo swali lilikuwa la panya: wako wangapi, wa aina gani, wanaingiaje nyumbani. Lakini vijiji vingine vilipata tauni mara kwa mara na vingine vya jirani havikupata au vilipata kwa nadra. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 walikusanya viroboto ndani ya nyumba za vijiji 12, vyenye tauni nyingi na vyenye tauni chache. Waliowakuta kwa wingi zaidi ni viroboto wa binadamu, nao walikuwa wengi zaidi katika vijiji vilivyosumbuliwa sana. Viroboto wengine wa nyumbani hawakuonyesha tofauti hiyo. Watafiti hawakudai kwamba wamepata chanzo. Vitu viwili kuandamana si ushahidi kwamba kimoja kimekizaa kingine. Walichofanya ni kulihamisha swali, kutoka stoo ya mahindi hadi mahali watu wanapolala.

Kuhamisha swali ndiko kulikotokea pia katika habari ya udongo. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo cha mazao pamoja na miti, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP na kuendeshwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mteremko ulikuwa ule ule, na mistari ya kontua ile ile. Safari hii, hata hivyo, mstari wa kontua ulipandwa majani ya Guatemala, vichaka na miti kama mgrivilea, na pamoja nao wakaletwa ng'ombe chotara wa maziwa wa kufugwa zizini.

Inafaa kutazama namna vitu hivyo vinavyoshikana. Ng'ombe wa zizini anahitaji kukatiwa majani kila siku. Majani yaliyopandwa kwenye mstari wa kontua yako karibu na hukua tena yakikatwa. Mizizi yake hushika udongo, na udongo unaoteremka hukwama kwenye mashina, ukarundikana msimu baada ya msimu hata mteremko ukaanza kujigeuza ngazi wenyewe. Samadi hurudi shambani. Maziwa huuzwa. Mkulima akiulizwa kwa nini anatunza mstari ule, hana haja ya kutaja mmomonyoko. Atasema ng'ombe anataka kula. Tatizo la ofisa limetatuliwa ndani ya tatizo la mkulima.

Baadaye fanya juu na matuta ya ngazi yalihimizwa pia, na yako mashamba ya mboga Lushoto ambayo leo yamepambwa kwa ngazi hizo. Neno lililochukiwa limerudi, ila sasa mwenye shamba anahesabu faida ya karoti na kabichi zake kabla ya kushika jembe.

Haikuwa ushindi mtupu. Wakulima wengi walichukua sehemu ya mafundisho na kuiacha nyingine: huyu alipenda majani na akakataa vichaka, yule alitaka miti ya mbao tu. Watafiti waliochunguza jambo hilo Usambara Magharibi, wakachapisha mwaka 2004, waliona kwamba mwenye kazi nje ya shamba, mwenye shamba lililo mbali, mwenye ardhi asiyo na hakika nayo, na asiyeona faida ya haraka, hawa aghalabu hawakujenga makinga maji. Waliokuwa katika vikundi vya wakulima, waliosoma, na waliotembelewa na mabwana shamba, walielekea kujenga. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloonekana kwa kuutazama mteremko.

Shule zilizo milimani zinaweza kulijaribu jambo hili kwa vifaa vichache. Masinia mawili yajazwe udongo wa shambani, moja likiwa tupu na jingine limefunikwa nyasi zenye mizizi. Yainamishwe kwa nyuzi 25. Yanyunyiziwe maji sawa kutoka kopo lililotobolewa, na maji yanayotoka chini yakusanywe katika chupa mbili. Tofauti ya rangi itaonekana kabla kipindi hakijaisha. Hilo ni zoezi, na ni zuri. Kisha wanafunzi watengeneze fremu ya A, yaani miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi hiyo, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni, wapime kontua katika shamba la jirani ya shule kwa ruhusa yake. Hapo ndipo tatizo litakapoanza, kwa sababu jirani atauliza mambo ambayo sinia halikuyauliza: nani atachimba, mstari utakula mistari mingapi ya maharage, na ng'ombe wenyewe wako wapi.

Familia nyingi za Lushoto hulima vipande kadhaa vilivyotawanyika, kimoja kando ya nyumba, kingine upande wa pili wa bonde, na pengine kimoja cha kuazima. Kando ya nyumba huenda kila kitu kimekamilika: majani, miti, samadi. Kile cha kuazima kiko wazi na kinateremka kila masika. Anayekilima anajua fika kwamba udongo unaondoka. Anajua pia kwamba kupanda mti juu ya ardhi ya mtu ni kama kutangaza kwamba ardhi hiyo ni yako, na kwamba mwenyewe akiona mche wa mgrivilea atalidai shamba lake kabla ya mavuno. Bwana shamba afikapo hapo na fremu yake ya A, akitaka kupima nyuzi, ana jambo la kuuliza kwanza: Mama, kipande hiki umepewa kwa misimu mingapi?